Mdogo wetu yuko ng'ambo ya Ruvuma, na sasa anamwita wa mwisho

"Mimi ni dada mkubwa katika familia ya watoto wanne, tunaishi wilaya ya Tandahimba. Mdogo wangu mmoja ana miaka 23. Alimaliza kidato cha nne, akawa anaendesha bodaboda ya mtu, wakakosana na mwenye pikipiki kwa sababu ya hesabu iliyolala. Mwaka jana rafiki yake aliyekuwa akivua upande wa Msumbiji alimlipia lile deni, akamwambia huko kuna kazi. Kabla hajaondoka alikuwa ameshaacha kusali msikiti wetu, anasema imamu ni kibaraka wa serikali, na mimi aliniambia nimtoe binti yangu shule. Tangu aende anapiga simu siku za Ijumaa, namba tofauti kila mara, na hasemi yuko wapi. Mara moja alimtumia mama shilingi laki mbili. Mwezi uliopita ameanza kumwita mdogo wetu wa mwisho, ana miaka 17, eti kuna nafasi ya kusoma dini bure na posho juu. Baba mdogo anataka tukaripoti polisi leo leo, na kila simu ikiingia anainyakua na kumtukana. Mama analia, anasema tukiripoti tumemuua mwanawe. Mtaani wengine wanasema hakuna magaidi, ni gesi na wazungu tu. Ijumaa iliyopita aliniomba nauli. Hakusema ya kwenda wapi. Nimtumie?"

Dada, naanza na huyo wa miaka 17, kwa sababu ndiye ambaye bado analala nyumbani.

Kabla hamjakubaliana lolote kuhusu kaka yake, kaeni naye leo. Msimfokee, wala msimpokonye simu kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Mkiichukua hiyo ataazima ya mwenzake, na hapo hamtajua tena anaongea na nani. Mwulizeni kwa utulivu: hicho chuo kinaitwaje, kiko mji gani, mwalimu mkuu ni nani, nauli anatoa nani, nani atampokea na wapi. Chuo cha kweli cha dini kina jina, kina walimu wanaojulikana, kina wanafunzi waliokwisha kumaliza. Ofisi ya shehe wa wilaya inaweza kuwasaidia kuulizia. Kama majibu yote ni "utaambiwa ukifika", basi hakuna chuo, na heri kijana alione hilo mwenyewe kwa kukosa majibu kuliko kulazimishwa na nyinyi aamini. Kumbukeni pia kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Jambo hilo litawasaidia sana mbele, nitalirudia.

Sasa tuje kwa huyo mkubwa. Barua yako haithibitishi kwamba ni mpiganaji, na sitaki ufunge simu yako ukiamini hivyo. Kubadili laini peke yake si dalili ya kitu; wafanyabiashara wa mpakani hubadili laini kama wanavyobadili mashati. Kugombana na imamu nako si kosa la jinai. Vijana wengi hugombana na maimamu wao, wakakua, wakarudi kukaa safu ya mbele. Kilichonishtua ni vile vitu vinavyoandamana: deni lililolipwa na rafiki, msikiti ulioachwa, shule iliyokataliwa, mahali pasipotajwa, na juu ya yote mwito kwa mdogo wake. Huo mwito ndio unaoniambia tusisubiri.

Hao jamaa tunaohofia wamemchukua ni akina nani? Wenyeji wa jimbo la Cabo Delgado huwaita mashababi, na jina hilo limewapoteza wengi. Si tawi la Al-Shabaab ya Somalia. Ni kundi lililoota palepale kaskazini mwa Msumbiji, likajulikana kwa silaha alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017, watu wapatao 30 walipovamia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia. Mwaka 2019 kundi la Dola la Kiislamu lilianza kudai mashambulizi yao kuwa yake, likawaweka kapu moja na waasi wa ADF wa mashariki mwa Kongo, na mwaka 2022 likawatangaza kuwa jimbo lao wenyewe. Agosti 2020 waliuteka mji wa Mocímboa da Praia na bandari yake, wakakaa nao karibu mwaka mzima, hadi majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoukomboa Agosti 2021. Kufikia mwisho wa 2022 watu takriban milioni 1 walikuwa wameyakimbia makazi yao. Kwenu huko hamhitaji kusimuliwa. Kitaya iko Mtwara, na Oktoba 2020 walivuka mto wakaishambulia.

Kwa hiyo yule jirani anayesema hakuna magaidi, mwambie aende akawaambie watu wa Kitaya. Ila kuhusu gesi asipuuzwe kabisa, kwa kuwa ameshika kipande cha ukweli kwa upande usio wake. Gesi kubwa ya bonde la Ruvuma iligunduliwa mwaka 2010. Watafiti waliofuatilia mizizi ya kundi hili wanaikuta huko Balama, bara kabisa, mwaka 2007: kijana mmoja aliyeitwa Sualehe Rafayel alirudi kutoka Tanzania alikoishi miaka kadhaa, akaanzisha kikundi chake na msikiti wake. Gesi ilikuta mbegu iko ardhini tayari. Lakini ilichofanya ni kuongeza uchungu. Watu wa Quitupo walihamishwa kupisha mradi wa gesi wa Afungi, wavuvi wakatenganishwa na pwani yao, na kazi nyingi walizozitarajia hawakuziona. Ukija upande wa Montepuez kwenye rubi, mwanzoni mwa 2017 wachimbaji wadogo walifukuzwa kwa nguvu, wakiwemo Watanzania wengi, na miezi michache baadaye ndipo Mocímboa ikashambuliwa. Kampuni mama ya machimbo hayo ilikubali mwaka 2019 kulipa paundi milioni 5.8 kumaliza kesi ya madai ya ukatili iliyofunguliwa London, bila kukiri kosa.

Tena kuna chuki ya zamani ya nani anakula na nani anatazama. Wamwani wa pwani wamekuwa wakilalamika kwamba Wamakonde wa Mueda, walioibeba vita ya ukombozi wakitokea Tanzania, ndio wenye serikali na wenye vyeo. Wewe uko Tandahimba, nadhani unaelewa kuliko mimi jinsi jambo la Mmakonde wa ng'ambo na Mmakonde wa huku lilivyo nyeti, kwa hiyo nalipita.

Kuhusu dini nitakaa kidogo, kwa sababu naona mnaogopa kulitamka. Mama yako anaweza kuwa anajiuliza kama alikosea kumpeleka mwanawe madrasa. Hakukosea. Waliokuwa wa kwanza kulipigia kelele kundi hili kabla hata bunduki haijalia walikuwa Waislamu wenyewe. Wazee wa misikiti ya Cabo Delgado na Baraza la Kiislamu la Msumbiji walilalamika kuhusu vijana wanaoingia msikitini na viatu, wanaokataza watoto kwenda shule, wanaowaita masheikh wa mji makafiri. Ni maneno yaleyale uliyoyasikia sebuleni kwako. Mahubiri ya Aboud Rogo wa Mombasa, aliyeuawa Agosti 2012, yalisambaa hadi huko kwa sababu ya Kiswahili. Kimwani na Kiswahili ni ndugu wa karibu, na mtu wa Palma humsikia mhubiri wa Mombasa bila mkalimani. Lugha yetu tunayoisifu kuunganisha Afrika Mashariki imewaunganisha na hawa pia. Lakini angalia mpangilio wa mambo kwa mdogo wako. Deni la pikipiki lilikuja pamoja na hasira ya msikiti, na aliyelilipa ndiye aliyempa safari. Mhubiri alifanya kazi ya kumtenga na wazee ambao wangemwuliza, "Huyu anayekulipia deni anataka nini?"

Mwaka 2023 shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa utafiti wa watu zaidi ya 2,000 waliohojiwa katika nchi 8 za Afrika, wakiwemo waliowahi kujiunga na makundi kama haya. Msumbiji haikuwemo, lakini Somalia na Nigeria zilikuwemo. Robo ya waliojiunga walitaja ukosefu wa kazi kuwa sababu kuu. Dini ilitajwa na asilimia 17. Karibu nusu walisema kulikuwa na tukio fulani lililowasukuma kuvuka mstari, na kati ya hao asilimia 71 walitaja ukiukwaji wa haki, mara nyingi uliofanywa na vyombo vya dola: ndugu aliyekamatwa, rafiki aliyepigwa, baba aliyeuawa. Mimi huwa nawaambia wazazi waisome vizuri namba hiyo ya mwisho, kwa sababu inakataa mambo mawili kwa pamoja. Inakataa kwamba umaskini peke yake unatosha, maana Mtwara nzima na Cabo Delgado nzima zina vijana wasio na kazi na wengi wao wako mashambani wanapalilia mikorosho. Na inakataa kwamba ukali peke yake ni dawa.

Nikueleze sasa jinsi kamba inavyosokotwa, maana ukiielewa ndiyo utajua pa kuishika.

Anatafutwa kijana mwenye aibu. Sijasema mwenye njaa. Njaa huvumilika, aibu ndiyo humfanya mtu akubali kuondoka usiku. Kwa mdogo wako ilikuwa ni hesabu: kila jioni mwenye pikipiki anamdai mbele za watu kijiweni. Anatokea mtu anayemjua, wa rika lake, waliocheza pamoja, anamaliza deni na hataki kurudishiwa. Hapo ndipo penye ndoano. Fadhila isiyo na tarehe ya kulipwa haina mwisho. Vijana waliotoka kwenye kundi hilo wamesimulia mambo yanayofanana: mtaji mdogo wa biashara, ahadi ya kazi kwenye mradi au machimboni, nafasi ya kusoma. Hakuna aliyeambiwa "njoo ukaue".

Anafika ng'ambo. Kireno hakijui, kibali hana, na pesa ni ya mwenyeji wake. Anapewa kazi ndogo: kubeba unga, kusukuma boti, kumpeleka mtu mahali kwa pikipiki, kazi anayoiweza. Baada ya wiki kadhaa anaambiwa yule uliyembeba alikuwa nani na ule unga ulikwenda wapi. Tayari ana kosa. Kisha linakuja neno la kumfungia mlango: kwenu wameshajua, wameshakuita gaidi, ukirudi ni gereza au kaburi. Baba mdogo anaponyakua simu na kumtukana, dada, anamthibitishia neno hilohilo. Simlaumu baba mdogo; anaogopa kwa namna ya wanaume. Lakini nakuomba kuanzia Ijumaa hii asiishike ile simu.

Mwishoni anaambiwa aoneshe uaminifu kwa kumleta mwingine. Kwa hiyo usidhani kwamba mwito kwa mdogo wenu umetoka moyoni mwake moja kwa moja. Inawezekana ameamini. Inawezekana pia kuna mtu amesimama pembeni anasikiliza. Ile laki mbili nayo huenda ilikuwa sehemu ya kazi hiyohiyo, ili nyumbani isemekane kijana kafanikiwa.

Mtu atauliza, kama hataki si aondoke? Aprili 2020, katika kijiji cha Xitaxi, wilaya ya Muidumbe, vijana waliokataa kujiunga waliuawa. Polisi wa Msumbiji walitaja watu 52. Huko kukataa kuna gharama, na kutoroka kuna gharama zaidi.

Hivyo basi, nauli. Usimtumie. Najua jibu hili linachoma, kwa sababu huenda kweli anataka kurudi. Lakini hujui mkono utakaoipokea, na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 inahesabu kutoa fedha kwa shughuli za namna hiyo kuwa kosa zito. Wewe utasema ilikuwa nauli ya ndugu, na muamala utasema namba fulani ilipokea pesa kutoka kwako. Unachoweza kumwambia ni kwamba nauli ipo na haitakwenda kwa simu: siku atakapotaka kurudi nyumbani, familia itasimama naye. Anayetaka kurudi atalielewa neno hilo na ataanza kuuliza habari za njia. Anayesukumwa aombe pesa atakasirika au atabadilisha mada. Msikilize vizuri, jibu lake litakufundisha zaidi ya maswali kumi.

Usimpe wala usimsajilie laini kwa kitambulisho chako au cha mama. Laini zetu zimefungwa na alama za vidole. Ikikutwa porini na mtu mwingine, jina litakalosomwa ni lako. Akiomba simu, dawa, betri za sola, chochote, jibu ni lilelile.

Wala usimfuate. Nimekutana na baba aliyetaka kuvuka kwa pantoni ya Kilambo na picha ya mwanawe mkononi, aanze kuulizia vijiji. Fikiria anachokiona askari, au mgambo wa kijiji ambaye ndugu zake wamechinjwa: mgeni mwanamume, hana shughuli, anaongea Kiswahili cha Tanzania, anauliza waliko mashababi. Kiswahili chake kinaweza kuwa hukumu yake. Ni vilevile kwa mdogo wako akitoroka peke yake na kuibukia kijiji asichokijua, na hii ndiyo sababu nitasema hapa chini kwamba kurudi kwake kusipangwe na familia peke yake kwa siri.

Limebaki la polisi, ambalo limewagawanya. Mama yako si mjinga. Machi 2021 Amnesty International ilizituhumu pande zote za vita ile kwa kuua raia: waasi, vikosi vya serikali ya Msumbiji, na askari wa kukodiwa waliokuwa wakiisaidia serikali. Huku kwetu, wakati wa mauaji ya Kibiti, Mkuranga na Rufiji mwaka 2016 na 2017, viongozi wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine, polisi 8 wakauawa kwa siku moja Aprili 2017, na baada ya operesheni familia kadhaa zililalamika kwamba ndugu zao walichukuliwa na hawakuonekana tena. Mama wa kusini anayajua hayo bila kusoma ripoti. Kumwambia "usiogope, ni polisi tu" ni kumdharau.

Lakini kunyamaza nako hakumlindi. Sheria ileile ya 2002 inamtaka mwenye taarifa inayoweza kuzuia kitendo cha ugaidi aitoe. Kijana akikamatwa leo na simu yake ikaonesha mlikuwa mnaongea kila Ijumaa miezi yote hiyo, ukimya wenu utasomwa kama ushirika. Na yule wa miaka 17 akiondoka usiku mmoja, mtakwenda kuripoti mkiwa mmechelewa na mkiwa mna la kujibu. Baba mdogo yuko sahihi kwamba muende. Amekosea tu namna.

Namna yenyewe ni hii. Msiende kwa hasira, na msiende kumnong'oneza askari mmoja mnayemjua. Tafuteni kwanza mwanasheria. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kwa wasio na uwezo wa kulipa, na wasaidizi wa kisheria wako wilayani. Ulizeni ofisi ya halmashauri au mpigie simu Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Andikeni maelezo kwa mkono mmoja: alivyoondoka, deni lililolipwa, tarehe za simu na namba zake, ile laki mbili, maneno aliyomwambia mdogo wake. Msifute ujumbe hata mmoja. Pesa ya mama, kama bado ipo, isiguswe, na kama imeshatumika semeni imetumika. Kisha mwende watu watatu au wanne, pamoja na mwanasheria na mzee mmoja anayeheshimika, hadi kwa mkuu wa polisi wa wilaya, na mwombe namba ya RB, yaani ya kuandikishwa kwa taarifa yenu. Jambo la kwanza kwenye karatasi liwe mtoto wa miaka 17 anayerubuniwa avuke mpaka, kwa sababu hilo halina utata, na linawaingiza ofisi ya ustawi wa jamii kwenye faili moja na polisi. La pili liwe kijana aliyepotea ambaye familia inamtafuta na inataka arudi akiwa hai. Msimwite gaidi kwenye maelezo yenu. Semeni mlichokiona na mlichokisikia, hukumu si yenu. Nakala moja ikae kwa mwanasheria.

Sambamba na hilo, nendeni Chama cha Msalaba Mwekundu. Wana huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana kwa sababu ya vita, na Msalaba Mwekundu wa kimataifa umekuwa ukifanya kazi Cabo Delgado. Hawaendi kumtoa mtu msituni. Lakini kama mdogo wako ameshikiliwa au yuko kambi ya wakimbizi wa ndani, hiyo ni njia mojawapo ya jina lake kuwafikia.

Je, akirudi atasamehewa? Sitakuahidi msamaha. Nigeria ilianzisha mwaka 2016 mpango wa kijeshi wa kuwapokea wanaoacha Boko Haram, Somalia ina kituo cha Serendi pale Mogadishu kwa wanaoihama Al-Shabaab, na Msumbiji Rais Filipe Nyusi alipokuwa madarakani aliwahi kuwaita vijana waweke silaha chini warudi. Mwito wa jukwaani haufungi mikono ya mwendesha mashtaka. Mdogo wako anaweza kuhojiwa muda mrefu, anaweza kushtakiwa, na nyinyi mnaweza kutumia miaka kwenye korido za mahakama. Kitakachomsaidia siku hiyo ni yale mliyoandika leo: kwamba alirubuniwa kwa deni, kwamba aliomba kurudi, kwamba familia ilitoa taarifa mapema, kwamba alijisalimisha kupitia mtu anayejulikana kwa jina, mchana, kwenye mpaka rasmi, mwanasheria akiwa na habari. Mwanasheria ndiye wa kuzungumza na polisi jinsi ya kumpokea. Hapo sasa ndipo ile nauli itakapopata kazi.

Yapo mambo ambayo usisubiri mwanasheria wala jibu langu. Yule wa miaka 17 asipolala nyumbani, ripotini saa hiyohiyo, na mpite stendi na vijiwe vya bodaboda wa njia ya mtoni kabla mabasi hayajaondoka. Mtu mgeni akija kwenu akisema ametumwa na mdogo wako, asiingie ndani, na mwenyekiti wa kijiji ajue siku hiyo. Na mdogo wako akikwambia kwa simu msiende mahali fulani tarehe fulani, au muondoke nyumbani, hiyo si siri ya familia tena. Hiyo ni roho za watu, piga simu polisi kabla hujakaa chini.

Binti yako mwache shuleni.

Ijumaa akipiga, simu apokee mama. Wewe kaa karibu na kalamu. Asimwulize yuko wapi, kwa sababu kama kuna mtu anasikiliza, swali hilo litaikata simu. Asimhubirie wala asilie sana, akiweza. Amwambie habari za nyumbani: korosho zimepaliliwa au hazijapaliliwa, paa la jiko linavuja, nani kaolewa, yule mwenye pikipiki mmeshamalizana naye na hakuna mtu kijiweni anayemtaja tena. Hili la mwisho alirudie mara mbili. Kisha amwulize kama anakula, na anyamaze, amwachie yeye aongee.